Kodi ya Nzioka

Ninyi mlioachiwa dirisha langu mmeniomba niandike "uzoefu wa kazi." Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili maandishi yamefanana na barua ya kuomba ajira, jambo lisilomfaa mtu aliyestaafu juzi. Kwa hiyo naviacha vyeo, ambavyo havikuwa vingi, na mshahara, ambao mnaujua kwa kuwa sasa ni wenu. Nitaandika juu ya maswali. Noti mtazizoea. Maswali ndiyo yatakayowachosha.

Kwa wale wapya ambao hatukuwahi kukaa pamoja: mimi naitwa Wakesho, mzaliwa wa Wundanyi, Taita. Nilikuwa karani wa posta kule Voi mpaka barua zikaisha duniani, ndipo nikaja Dubai kufanya kazi katika duka la kutuma na kubadilisha fedha. Tawi langu la kwanza lilikuwa karibu na bandari ya Hamriya. Wateja wetu walikuwa mabaharia na wafanyabiashara waliokuwa wakipakia matairi, mafriji na mchele kwenda Mombasa, Unguja na Bosaso. Waliingia dukani na vumbi la saruji mabegani, na kila mmoja alikuwa na haraka kuliko mwenzake.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Zuhura. Huyu alikuwa Mzanzibari ambaye wazee wake walihamia Ghuba zamani sana, lakini ukimsikiliza ungedhani jana tu ameshuka kutoka Unguja. Alinikalisha kwenye kiti kirefu, akanionyesha kitufe cha kipaza sauti kilichokuwa chini ya kioo.

"Ukimaliza kusema, kizime," aliniambia. "Usipokizima, hata kuguna kwako kutasikika mpaka barabarani. Na hii mashine ya kuhesabia noti, mwezi wa nane hugoma kwa unyevu. Ipanguse kwa kitambaa kikavu, usiipige. Wanaume hapa huipiga."

"Na mteja akiuliza nisichokijua?"

"Mwambie hujui. Usimpambie, mwanangu. Ukimpambia leo, kesho anarudi na nduguze."

Swali langu la kwanza la kodi lilikuja mchana wa siku hiyohiyo. Mfanyabiashara mmoja wa Tanga alitaka kujua serikali ya hapa inakata kiasi gani katika pesa anayotuma. Nikamwambia haikati.

"Haikati kabisa?"

"Kabisa, baba."

Aligeuka akatazama barabara pana ya nje, taa zake, madaraja yake, kisha akanirudia kwa uso wa mtu anayetapeliwa. "Basi haya yote nani anayalipia?"

Katika mafunzo yetu hakuna aliyegusia barabara. Bi Zuhura akainama upande wangu, akabonyeza kitufe. "Wewe zipite tu, baba. Zimeshalipiwa." Yule bwana akacheka, akatia saini, akaondoka. Mimi nilibaki na swali lake mpaka jioni, na kusema kweli ninalo hadi leo.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa tawi la Jumeirah Lakes Towers. Kule hakuna matairi. Kuna minara ya ofisi, mikahawa ya kahawa ghali, na vijana wa Kiafrika waliovaa suti nyeusi wakiwafungulia wenzao milango. Wengi wao walikuwa Wakenya wa bara. Mchana wanasema "yes sir, yes madam" kutwa nzima, na wakifika dirishani kwangu wanashusha pumzi na kuanza Kiswahili kabla hata hawajanisalimu.

Nzioka alikuwa mmoja wao. Alikuwa mlinzi wa mapokezi katika mnara uliotazamana nasi, mtu mrefu wa Mwingi, mpole, anayeng'arisha viatu hadi unaweza kujitazamia. Alikuwa akija kila mwezi kumtumia dada yake Mwende pesa za matumizi ya mama yao. Aliniita "mathe," yaani mama kwa lugha ya vijana wa Nairobi, nami sikumkataza ingawa nilikuwa nimemzidi umri kidogo tu.

Asubuhi moja alimaliza kutuma, akabaki amesimama.

"Mathe, nikuulize kitu. Ni ukweli ukifika airport ya Nairobi wanakuuliza mambo ya kodi?"

"Nani kakwambia?"

"Wasee wa kambi, wenye tunalala nao. Siku hizi kodi ya Kenya ni ya mtandao. Wanasema kila mtu ako na PIN lazima ajaze ripoti kila mwaka, hata kama hana kazi huko. Usipojaza, faini inapanda. Halafu ukitua, jina linatokea kwa kompyuta, unawekwa kando."

"Wewe una PIN?"

"Niko nayo," alisema kwa huzuni, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Msimcheke. Hapa Dubai sote tulimjua mtu aliyekuwa na mkopo wa benki, akafika uwanja wa ndege na zawadi za watoto mkononi, akarudishwa. Nchi moja ikikuzuia kutoka kwa sababu ya deni, kwa nini nyingine isikuzuie kuingia? Nami mwenyewe sikujua. Niliondoka Kenya kabla kodi haijaingia kwenye mtandao.

Nikamwambia sijui ila nitauliza. Nikapiga simu ubalozini. Niliambiwa nibonyeze moja, nikabonyeza, nikaambiwa nibonyeze mbili, hatimaye sauti ya kike ikaniambia kwamba mtu huyo ajaze tu ripoti ya kusema hana mapato. Mhasibu mmoja Mkenya wa mnara wa pili akaniambia hapana, anayeishi nje mwaka mzima si mkaazi, mshahara wake wa huku hauwahusu. Mteja mwingine, aliyejitambulisha kuwa anaijua sheria, akasema lazima alipe kwanza faini za miaka yote ndipo aruhusiwe kujaza. Nikampelekea Nzioka majibu yote matatu. Naye akachagua lile la kutisha zaidi, kama tunavyofanya wote.

Likizo yake ilipofika, aliwaomba kazini wampe thamani ya tiketi badala ya tiketi, akabaki hukuhuku. Ilipofika nyingine, akafanya vivyo hivyo. Mama yake alimwona kwenye simu ya Mwende, mtandao ukiwa mzuri.

Kisha kodi ikatufuata na sisi huku. Kwanza walianza na sigara na soda, nasi tukasema hiyo ni ya wenye tamaa. Januari ya 2018 ikaja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia tano, na nchi isiyo na kodi ikawa na kodi. Siku ya kwanza ya kazi mwaka ule nilieleza jambo moja tangu tulipofungua mpaka sauti ikakauka: asilimia tano hiyo inakatwa kwenye ada ya kutuma tu, si kwenye pesa yenyewe. Ni vijisenti. Watu waliitikia kwa kichwa, kisha wakauliza, "Kwa hiyo nikituma elfu moja mnachukua hamsini?" Wapo walionitazama kama kwamba nimeitunga mimi usiku uliopita.

Haikupita muda ukaanza kusambaa ule ujumbe wa simu. Kila mkaazi, ulisema, atapewa malipo na serikali ili kumpunguzia makali ya kodi mpya. Aende na kitambulisho chake kwenye duka lolote la kutuma fedha. Ulikuwa uongo mtupu, lakini uliandikwa vizuri, una nembo na kila kitu. Wakaja. Wakaja Wahindi, Wafilipino, Wanepali, Wakenya. Wapo waliokuja na fotokopi za familia nzima.

Meneja wetu, bwana mmoja wa Kerala tuliyemwita Sir Joseph, aliamua tubandike tangazo kwa kila lugha. "Madam Wakesho," aliniambia, "waandikie watu wako." Nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA MALIPO YA SERIKALI HAPA.

Ijumaa iliyofuata akaja dada mmoja Mganda, mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya Al Warqa. Ile ndiyo siku yake pekee ya kupumzika, na alikuwa ameimalizia kwenye basi na treni. Alilisoma tangazo taratibu mpaka mwisho.

"Nimesoma, mama," alisema kwa adabu. "Hapa hakuna. Sasa yapo wapi?"

Nilirudi nyuma nikaliandika upya: HAKUNA MALIPO YA SERIKALI POPOTE. Lilikaa ukutani mpaka mchana. Mteja mmoja alimtafsiria Sir Joseph, naye akalibandua kwa mikono yake, akasema maneno hayo yanaitukana serikali. Tukarudisha la kwanza. Nawaachia hilo kama funzo la uandishi wa matangazo, ingawa sijui funzo lenyewe ni lipi.

Nzioka naye alilisoma.

"Mathe, hiyo pesa ya serikali ya huku, mtu akipewa, Kenya watakata kodi?"

"Haipo, Nzioka."

"Najua haipo. Nauliza kama ingekuwepo."

Kumbe nyumbani kulikuwa na malipo ya kweli. Serikali ya Kenya ilikuwa imeanza kuwaandikisha wazee wote waliopita miaka sabini wapewe fedha za kujikimu. Mama yake Nzioka alikuwa na umri huo na zaidi. Mwende akampeleka kwa chifu kujiandikisha, wakapanga foleni, zamu yao ikafika. Mama akaingia peke yake, na punde akatoka hajaandikwa. Alipoulizwa kwa nini, akasema wazo lake limebadilika, na hakuongeza neno. Nzioka alinisimulia hayo akitarajia nimweleze. Nikakisia labda kitambulisho kina kasoro. Tulikisia mengi.

Ilikuwa bado mwaka uleule Nzioka alipoingia dukani bila kuchukua namba, akapita watu wote mpaka dirishani. Kofia yake ya kazi ilikuwa mkononi, imekunjwa.

"Mama ameanguka. Ameteleza karibu na tangi la maji, amevunjika nyonga. Daktari anataka kumpasua, yeye amekataa. Amesema haguswi na kisu mpaka anione."

"Yalla, yalla!" mtu wa nyuma akapiga kelele, akitaka tuharakishe.

"Basi nenda nyumbani," nikamwambia.

"Wakinishika airport, mathe? Nikiwa huku angalau natuma. Nikiwekwa ndani Nairobi, nani atamlipia hospitali?"

Nilifunga dirisha, jambo ambalo ninyi msilifanye, nikampeleka kwenye chumba tunachokulia. Nikampa maji. Nilitaka kumwambia hakuna atakayemshika, lakini ningeapa kwa kitu gani? Nilikuwa na majibu matatu yanayogombana. Nikampigia Bi Zuhura, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshastaafu na kukaa kwa binti yake. Nikamweleza yote.

"Mimi kodi za Kenya sizijui, mwanangu," alisema. "Likizo yako wewe lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi iombe sasa, mfuatane. Akishikwa, pawe na mtu wa kumjulisha mamake."

Nikaenda kwa Sir Joseph. Akaniuliza kama huyo ni ndugu yangu. Nikasema hapana. Ni mtu wa kijiji changu? Hapana, kwao na kwetu ni safari ya kutwa. Ni nani basi? Nikasema ni mteja. Alinitazama kama mtu aliyepewa noti ya nchi asiyoifahamu, akaigeuza kichwani pande zote mbili, kisha akatia saini.

Ndani ya ndege Nzioka hakula. Alimwuliza mhudumu kama tunapewa fomu ya kodi ya kujaza kabla ya kutua. Mhudumu akamletea karatasi ya kuandikia, kalamu na mto. Tulipofika kwenye foleni ya pasipoti nilisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia anavyohema.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Aliifungua pasipoti, akapekua kurasa, akarudia.

"Umekaa sana huko."

"Ndiyo, madam."

"Na umetuletea nini?"

Mkenya yeyote anajua hayo ni maneno ya mzaha. Unacheka, unasema "salamu tu," unapita. Lakini Nzioka alikaza mgongo kama yuko mapokezini, akayatoa yote.

"Madam, sijaleta kitu. Nina PIN na sijawahi kujaza ripoti, hata ya mwaka mmoja. Najua ni makosa. Mama yangu yuko hospitali Mwingi, anangoja kupasuliwa. Naomba nimwone kwanza, halafu nitarudi mwenyewe mnishike."

Afisa aliweka muhuri chini. "PIN gani?"

Nzioka akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama mpaka kwenye kioo, akamnong'oneza tarakimu nne.

Nilizisikia. Hata aliyekuwa nyuma yangu alizisikia.

"Ndugu yangu," afisa alisema polepole, "hiyo si ni ya kutoa pesa kwa simu?"

"Ndiyo, madam. Ndiyo PIN niko nayo."

"Huna nyingine? Ile ya kodi ni ndefu. Ina herufi mbele na herufi nyuma. Ulishawahi kuandikwa kazi huku Kenya?"

"Nilikuwa nalima na mama. Kutoka hapo nikaenda Dubai."

Afisa aliziba mdomo kwa mkono. Mabega yakamcheza kidogo, lakini alijizuia, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Akagonga muhuri, akamrudishia pasipoti kwa mikono miwili. "Hiyo namba yako ibadilishe leo, nishaijua. Na uende uone mama. Pole sana."

Tulikutana mbele, kwenye mkanda wa mizigo. Nilidhani atacheka, nikawa tayari kucheka naye. Alikuwa amekaa kwenye kigari cha mizigo, begi lake linapita mbele yake na kuzunguka na kupita tena.

"Kwa hivyo mathe, ilikuwa nini?"

"Haikuwa kitu, Nzioka."

"Miaka yote hiyo haikuwa kitu?"

Nimeulizwa maswali mengi na watu wengi, na hilo ndilo ninaloliota. Wanangu, mteja akikwambia neno, mwulize analimaanisha nini kabla hujapiga simu ubalozini. Sisi wawili tulizungumza juu ya PIN yake mwezi baada ya mwezi, kila mmoja akiwa na yake kichwani.

Pale tukaachana, yeye akashika njia ya Mwingi, mimi ya Taita. Siku chache baadaye alinipigia simu. Upasuaji ulikwenda salama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Kisha akanieleza jambo alilonipigia hasa.

Alipofika hospitalini, mama yake alimshika mkono, akamvuta karibu, na kabla ya kumsalimu akamwuliza kwa sauti ya chini, "Hawakukushika?"

"Nani, mama?"

"Watu wa kodi. Mwende aliniambia unawaogopa."

Ndipo akamweleza kilichotokea kwa chifu. Karani alimwandika jina, kijiji na umri. Kisha akamwuliza kama ana mtoto anayefanya kazi, na yuko wapi. Mama akaona mtego. Akisema anaye, wataandika jina la mwanawe na kumfuata hadi Arabuni. Na akisema hana?

"Nimkane mtoto wangu mbele ya watu, kwa sababu ya pesa?" alimwambia Nzioka. "Nikachukua leso yangu nikatoka."

Mama kule, mwana huku, kila mmoja amejificha ili kumkinga mwenzake, na hakuna aliyekuwa akiwatafuta.

Alinipigia tena likizo yake ilipokaribia kwisha. Mama alikuwa ameanza kusimama kwa magongo. Alikataa mwanawe aondoke kabla hawajakwenda mahali. Nzioka alikodi gari la jirani, akampeleka kwa chifu, akamshusha, wakaingia wote wawili. Karani alikuwa yuleyule. Akaanza upya, jina, kijiji, umri.

"Una mtoto anayefanya kazi?"

"Ninaye," mama akasema.

"Yuko wapi?"

Mama akainua gongo moja, na kwa kuwa bado hakulizoea nusura aanguke, akamgusa nalo Nzioka gotini. "Si huyu hapa? Mwandike vizuri. Nzioka. Nitamke tena?"

Chumba kizima kilicheka, aliniambia, na karani akaliandika jina lake.

"Na zile pesa," nikamwuliza, "akapata?"

"Unajua, mathe," alisema, "hatukuuliza. Tulitoka hapo tukaenda kunywa chai."